Mhadhara Kuhusu Pikipiki ya Theluji Iliyolala

Waheshimiwa wageni, mabibi na mabwana, na wewe shemeji uliyekalia ndoo ya oili: inuka kwanza. Hicho si kiti, ni zana ya kufundishia.

Mnaniona nimesimama mbele yenu katika gereji hii, kaskazini mwa Minnesota, nimevaa koti la suti juu ya ovaroli safi. Nimewasikia mnaocheka ovaroli. Fundi mchafu ni fundi anayebahatisha. Mtaalamu huelekeza kwa kidole, na kidole cha kuelekeza hakishiki grisi. Cheo hiki cha utaalamu nimejipa mwenyewe, maana nilipotazama juu yangu sikuona mtu wa kunipa.

Mada yetu ni hii hapa: pikipiki ya theluji, silinda mbili, injini ya mipigo miwili, iliyolala chini ya turubai miaka mingi hadi mwenye nyumba akachoka kuikwepa akifyeka majani. Shemeji kapewa bure. Yeye anaita bahati. Mimi nanyamaza.

Najua kuna mnong'ono huko nyuma, kwa ndugu zetu wa Kisii waliotoka Brooklyn Park: mtu wa Pangani anajua nini kuhusu theluji? Swali la kitoto hilo. Theluji iko nje, injini iko ndani. Hii ni mashine ya boti iliyovaa skii. Haina valvu kama za gari, wala haina oili inayokaa tumboni. Petroli, hewa na oili vinaingia pamoja, kwanza chini ya pistoni, kwenye nyumba ya krankishafti. Vinalainisha bearingi, ndipo vinasukumwa juu kwenda kuungua. Ndiyo maana wavuvi wetu huchanganya oili na petroli kwenye dumu kabla ya kwenda baharini, na ndiyo maana petroli ikiharibika kwenye mashine ya namna hii kila kiungo kinaugua.

Kwa adabu ya kitaaluma nimtaje mwenzangu, Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec. Majira ya baridi ya 1934 mwanawe mdogo alifariki, kwa kuwa theluji ilifunga barabara na hospitali haikufikika. Hapo sina mzaha. Mwaka 1937 alipata hataza ya gari lake la theluji, na mwaka 1959 kiwanda chake kikatoa Ski-Doo, ndogo, ya kupakia mtu mmoja au wawili. Hapa hapa Minnesota, katika mji mdogo wa Roseau, mafundi wa Polaris walikuwa wameshaanza kuunda za kwao katikati ya miaka ya 1950. Hao waliunda. Mimi nafufua. Mkubwa ni nani, historia itaamua, ingawa kwa upande wangu imeshaamua.

Sasa kazi. Mtu wa kawaida akiona mashine imelala, mkono wake unakwenda wapi? Kwenye kamba ya kuwashia. Kijana huyu msaidizi wangu alikwisha kuikamata nilipomkemea. Huwezi kujua ndani ya silinda kuna kutu kiasi gani, wala nani amepanga chumba kwenye boksi la hewa. Fungua, nikamwambia. Akafungua. Zikatoka pamba za kiti, maganda ya mbegu, na kipande cha waya kilichotafunwa hadi shaba ikaonekana. Panya wa Minnesota na panya wa Tanga hawajawahi kukutana, lakini inaonekana wamesoma shule moja. Kachungulie na ekzosi pia. Huko ndiko wanakojenga nyumba ya pili.

Toa plagi zote mbili. Mimina kijiko kidogo cha oili kila silinda, kisha nenda ukalale. Nasema ukalale! Asubuhi unaizungusha injini taratibu kwa mkono, hapo kwenye klachi, plagi zikiwa bado nje. Ikizunguka, shukuru. Ikikataa, ongeza oili na subira, usiongeze nyundo. Baadaye unafunga kipimo cha mgandamizo. Silinda zikisoma psi 120 hivi na zikakaribiana, tunaendelea. Zikipishana zaidi ya sehemu moja ya kumi, tunahamia kwenye mfuko wa shemeji. Na msidanganywe na namba nzuri ya mara ya kwanza: ile oili mliyomimina inaziba mianya ya ringi na kukipamba kipimo.

Twende kwenye tangi. Fungua kifuniko, nusa. Hiyo si petroli tena, hiyo ni vanishi. Petroli ya Marekani kwa kawaida huwa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hupenda maji. Huyavuta kutoka hewani mpaka inashindwa kuyabeba, kisha vyote viwili vinashuka chini ya tangi, pale pale mpira wa mafuta unaponyonyea. Kuna bwana mmoja, simtaji kwa kuwa ni yeye mwenye gereji, alishauri tuongeze petroli mpya juu ya ile ya zamani ili tusipoteze. Nilimtazama mpaka akaenda kuchemsha chai. Mwaga yote. Badilisha mipira, maana imekauka na ikikunjwa inapasuka. Na usiusahau ule mpira mwembamba unaotoka kwenye nyumba ya krankishafti kwenda kwenye pampu ya mafuta. Pampu hii haina umeme. Inapumuliwa na mapigo ya injini yenyewe. Mpira huo ukiwa na ufa usioonekana, utavuta kamba mpaka Pasaka.

Ndugu zangu, tumefika kwenye kabureta. Naomba simu zizimwe.

Kijana, fungua bakuli. Mnaona? Ukoko wa kijani, na floti imegandia pembeni. Sasa chomoa jeti ndogo, ile ya mwendo wa chini. Ishike kwa vidole viwili, uielekeze kwenye taa. Unaona nini? Anasema haoni kitu. Sahihi kabisa! Tundu lile halifiki nusu milimita, na petroli iliyokauka imelijaza. Mashine nzima, skii, taa, kiti cha ngozi na fahari ya shemeji, vimesimamishwa na uchafu usiotosha kumwingia mdudu chungu jichoni. Watu wanabadilisha koili, wanabadilisha plagi, wanaiuza mashine kwa hasira, na hawajawahi kuiangalia jeti hii kwenye mwanga.

Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta. Pitisha uzi mmoja tu wa shaba, unaouchomoa kwenye waya wa taa. Atakayeleta sindano ya chuma nitamtoa nje kwenye baridi, kwa kuwa chuma hutanua tundu, na tundu likishatanuka halirudi. Puliza hewa. Angalia tena. Kijana anasema ameona nukta ya mwanga. Iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba mimi nilikuwa nimeiona kabla yake.

Mchanganyiko: fuata kitabu cha mashine. Kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa lita, yaani kama 76 kwa galoni ya hapa. Wanaopima kwa kifuniko cha chupa ndio wanaowalisha wauza pistoni. Na hata kama mashine ina pampu yake ya oili, tangi la kwanza changanya vilevile. Mpira wa oili unaweza kuwa umejaa hewa, na bearingi hazisubiri hewa imalizike.

Jambo la kutisha nimelificha hadi sasa. Sili za krankishafti hukauka zikikaa. Zikivuja, hewa inazidi, petroli inapungua, na injini inapanda kasi peke yake bila mtu kugusa. Watazamaji wasiojua hupiga makofi. Msipige makofi! Zimeni. Hiyo ni pistoni inaomba msaada, na baada ya hapo itanoki.

Tuko tayari. Ile kamba ya usalama imechomekwa? Kitufe chekundu kimevutwa juu? Kijana, sikuulizi wewe, nauliza kwa ajili ya wanafunzi. Mkia wa mashine unyanyuliwe kwenye stendi, na mtu yeyote asisimame nyuma ya mkanda. Fungueni mlango wa gereji. Najua nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Nyinyi mliokulia kwenye jiko la mkaa mnajua moshi unafanya nini kwenye chumba kilichofungwa. Huu nao ni moshi uleule. Fungueni wote, msifungue nusu.

Kijana, vuta choki, kisha kamba. Mimi nitasimama hapa karibu na chai, kwa kuwa bega langu ni la kitaaluma. Shemeji, shika kizima moto. Na yule aliyeuliza kama nimewahi kuwasha hata moja, aandike swali lake kwenye karatasi, aliache mlangoni akitoka.