Kura Haijafika, Lakini Tumeiweka Akiba

Kwa Waheshimiwa wa ofisi iliyotutumia fomu,

Fomu yenu ya kufuatilia akiba ya umeme na urejelezaji wa taka imetufikia hapa Butembo kwa pikipiki, nakala tatu, karatasi nzito kuliko ya cheti changu cha ualimu. Direkta amenipa mimi niijaze kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Mmeuliza tumepunguza umeme kwa kiasi gani tangu mwaka jana. Waheshimiwa, mwaka jana tulitumia sifuri. Mwaka huu tumejikaza, hatukuzidisha. Kama iko shule Ulaya iliyotushinda, tutajieni tukajifunze kwao.

Huku kwetu umeme tunauita kura, neno tuliloliokota kwenye Kifaransa. Mgeni wa kutoka Tanga akisikia "kura imekatika" atadhani tunasema habari za uchaguzi, na hatakuwa amekosea sana. Tarehe 30 Desemba 2018 Wakongo wenzetu walipopiga kura, Beni na Butembo tuliambiwa tungoje hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais akaapishwa Januari. Basi kura za aina zote mbili tumezibana. Fomu haina nafasi ya hiyo ya pili, nimeiandika pembeni.

Penye "chanzo cha umeme" nimejaza Inga. Mabwawa yake mawili, la 1972 na la 1982, yalijengwa kwa megawati 1,775, na laini yake ya kilomita zipatazo 1,700 inakwenda hadi migodi ya Katanga bila kupotea njia hata mara moja ikatuangukia sisi. Lakini Ibara ya 48 ya Katiba inatuhakikishia haki ya kupata umeme, kwa hiyo umeme tunao, uko katika Ibara. Sisemi Kivu yote ni giza: Mutwanga, chini ya Ruwenzori, wana umeme wa mto tangu 2013, na hapa mjini penye fedha panawaka. Nguzo iliyo karibu nasi iko mbele ya duka la simenti. Waya wake unatuchungulia, kisha unakata kona.

"Taa zinazotumia umeme kidogo: ngapi?" Arobaini na moja. Ni matundu ya misumari kwenye mabati ya darasa la sita, niliyahesabu wakati wa imla. Kila tundu linaangusha duara la mwanga sakafuni, na lile kubwa linatembea: likigusa mguu wa benchi la tatu, watoto wanafunga madaftari bila kengele, maana ni mapumziko. Mvua ikinyesha, taa hizo hizo hugeuka mabomba. Sijui kama mna safu ya mtambo wa kazi mbili.

Kuhusu taka, mnataka uzito kwa kilo. Hapo nimekwama, kwa sababu ili kitu kiwe taka lazima kwanza mtu akitupe. Chukueni ndoo moja tu, ya kunawia mikono, tuliyoachiwa na Ebola ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Bomba lake lilipovunjika ikawa ndoo ya kuchotea maji. Ilipopasuka ikawa pipa la makaratasi, ikakaa tupu, maana makaratasi huondoka kabla ya kulifikia. Sasa nimeipindua, ninaikalia, na ninawaandikia nikiwa juu yake. Mpira wa darasa la nne umefungwa kwa mifuko ya plastiki ambayo serikali iliipiga marufuku kwa amri ya 30 Desemba 2017. Kila mapumziko watoto wanaupiga mateke ushahidi. Na yako madarasa, hasa upande wa Beni, yaliyosomesha watoto mchana na kulaza waliokimbia vita usiku. Kurejeleza jengo kunahesabiwa kwa kilo pia?

Nina ombi moja. Mmetaka tuambatanishe bili ya umeme ya mwaka wa kulinganishia. Tafadhali tuleteeni kura mwezi mmoja tu, tuitumie vibaya, tuache taa zikiwaka hadi asubuhi, ili mwakani tuwe na kitu cha kupunguza.

Mtapokea nakala moja badala ya tatu. Ya pili, upande wake mweupe, watoto wanafanyia hesabu za sehemu. Ya tatu mama muuza karanga wa langoni ameisifu sana kwa unene wake. Nilipopita saa nne ilikuwa imekwisha kukatwa vipande vinane, na kipande chenye "Jina na sahihi ya mkaguzi" kilikuwa kimebeba karanga za faranga 200.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa darasa la sita, Butembo