Nusu Iliyokatwa

Binamu yangu wa Nairobi hakosi kuja nyumbani Oktoba, bonasi ya majani chai inapoingia. Hachumi. Huja na suti ya samawati na viatu vyeupe, akasimama katikati ya shamba la kogo, nyanya yetu, akakunja mikono, na mimi nikakabidhiwa simu. Sharti ni moja: choo kisionekane. Choo chenyewe kiko pale pale juu ya shamba, mabati yake yanameta kuliko kitu kingine chochote tulicho nacho, na kila penye mwanga mzuri nacho kipo. Safari iliyopita nililala ubavu kwenye matope ili kukikwepa, kogo akauliza ni nani atakayenifulia.

Picha ikapanda mtandaoni: "Mkulima kijana." Nairobi wakaimiminia mioyo na makofi. Huku kwetu, senge, dada yake baba, akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo akitaka kujua nani amemruhusu mtu kuingia kwenye majani na viatu vya harusi. Mwenye duka, ambaye daftari lake la madeni lina ukurasa mzima wa mkulima huyo, aliandika neno moja tu: "Karibu."

Hiyo ndiyo taabu ya kujipamba mtandaoni ukiwa na jamaa Chepilat. Kituo chetu kiko mpakani, kwenye barabara ya Sotik kwenda Keroka: huku Bomet, kule Nyamira. Siku ya soko Wakipsigis na Wakisii wanapita hapo hapo, na mtu akikaa kando ya barabara na kikombe chake cha chai, ile nusu ya picha iliyokatwa itapita mbele yake kwa miguu.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa wenzake, na hasa kwa wale wanaokaribiana naye. Facebook ilikuwa bado miaka 50 ije. Ni kweli tupu. Bwanyenye wa Dubai akionyesha gari lake, mimi nalala fofofo. Lakini niliyesoma naye shule ya msingi akionyesha kochi, jogoo huwika nikiwa macho.

Nisieleweke vibaya, si kila kujilinganisha ni ugonjwa. Mkulima wa Bomet akisoma kwamba mwenzake wa Kirinyaga au Murang'a, mashariki mwa Bonde la Ufa, amelipwa bonasi kubwa zaidi kwa kila kilo, ana haki ya kuuliza kwa nini, na aulize kwa sauti. Kogo huamka alfajiri, akajifunga nailoni kiunoni kwa sababu ya umande, akavaa gambuti, akalaza fito juu ya michai na kuchuma majani mawili na chipukizi mpaka mgongo ulalamike. Kwenye kituo cha kununulia majani karani hutundika mfuko na kuandika kilo zilizosomeka. Mizani haina filta. Kwa hesabu ya namna hiyo, linganisha mpaka uchoke.

Kochi ni jambo jingine. Wiki ile ile ya bonasi, rafiki yangu wa utotoni aliweka picha ya kochi la umbo la L, bado limevaa nailoni ya dukani, limetandazwa nje kwenye nyasi, milima ya chai nyuma yake. "Mungu ni mwema." Watu wakasifu: mara bustani, mara hoteli. Nikatazama vigoda vyangu, vigoda vikanitazama.

Kesho yake asubuhi akanipigia. "Njoo na msumeno."

Kumbe kochi lilikuwa nje kwa sababu halikuingia mlangoni. Walijaribu kwa ubavu, kwa kichwa, kwa maombi. Likalala uani, na usiku ikanyesha mvua ya mawe. Nyanda hizi za Kericho na Bomet ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, na mawe yale hayaulizi kama kochi ni la mkopo wa sacco. Nailoni ilikuwa imetoboka, na ukikalia mto unakulowesha mpaka suruali ya ndani.

Tukang'oa fremu ya mlango, tukabomoa udongo wa ukuta kidogo upande wa kushoto, kisha kidogo kingine, mke wake akihesabu kila bonge linaloanguka kama karani wa mahakama. Kochi likaingia. Pale palipokuwa na mlango pakawa na shimo la kupitisha ng'ombe wawili sambamba, na jua likafurika ndani.

Tukakaa juu ya magunia, tukanywa chai. Mwenyewe akapiga picha ya sebule, akaiweka. Dakika hazikupita nyingi, mtu wa Nairobi akauliza ni mchoraji gani wa nyumba aliyewafanyia mlango wa kisasa namna hiyo, na anatoza kiasi gani.

Rafiki yangu akanitazama. Nikamwambia amtumie namba yangu.