Watu Elfu Hamsini na Watatu

Kwa Wakurugenzi wa Programu ya Kusomea Biblia (jina nalihifadhi, msije mkanidai leseni ya kulitaja)

YAH: SHUKRANI KWA KUNIHAMISHIA MAHUBIRI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwinjilisti wa usharika mdogo. Mahubiri yangu yote nimekuwa nikiyachapa kwenye kompyuta, na mwaka huu nikayahamishia kwenu, maana mlitangaza kwamba kazi hiyo ni ya kubofya mara moja. Hamkusema uongo. Nilibofya mara moja. Kurekebisha ndiko kumeingia mwezi wa nne.

Nianze na muujiza. Kwenye mahubiri ya Yohana 6 niliandika kwamba waliolishwa walikuwa watu 5000, nikaweka tanbihi ya 3 kueleza kuwa hapo wamehesabiwa wanaume. Nilikochapa, hiyo 3 ilikaa juu, ndogo, kama nzi begani. Ninyi mkaona haifai ijitenge, mkaishusha ikae na wenzake. Jumapili, mbele ya kwaya mbili na wageni kutoka jimboni, nikasoma kwenye kishikwambi: watu elfu hamsini na watatu, kwa mikate ile ile mitano! Usharika ukaitikia Amina. Ni mzee mmoja tu wa kanisa, mhasibu mstaafu, aliyenishika mkono mlangoni akauliza, "Mwinjilisti, hao watatu walichelewa wapi?"

Kuhusu Kigiriki kilichomo, kosa ni langu kwa kuanza kukichapa mapema. Fonti za zamani zilikuwa kiini macho: unabonyeza herufi za Kilatini, zenyewe zinachora za Kigiriki. Baadaye Unicode ikaipa kila herufi namba yake, ila mafaili yangu hayakupata habari. Kwa hiyo lile neno la Yohana 1 lenye maana ya Neno lilifika kwenu likiwa "logoj". Nimelitafuta kwenye kamusi yenu niliyoilipia. Halimo.

Programu yenu hugeuza marejeo kuwa viungo. Ukigusa, aya inafunguka. Yn haikuitambua, wala Mdo, wala Zab. Haya, vifupisho vya Kiswahili ni mzigo. Hata kikagua tahajia cha kule nilikotoka kilipiga mistari myekundu kuanzia kwenye salamu, kikaviacha Law na Rum. Nilifurahi kwamba angalau kinawafahamu Walawi na Warumi, mpaka binti yangu aliponieleza kuwa kwa Kiingereza la kwanza ni sheria na la pili ni pombe. Huko huko ndiko (c) yangu iligeuzwa kuwa ©. Ninyi mkaipokea kwa uaminifu, nukta kwa nukta, na sasa hoja yangu ya tatu, kwamba neema ni ya bure, ina hakimiliki.

Kodeksi ya Sinai, nakala ya Biblia iliyoandikwa kwenye ngozi karne ya 4, imetawanyika katika taasisi nne za nchi nne na bado inasomeka. Mahubiri yangu yote yako kwenye programu moja, na kuyasoma ni mtihani.

Barua hii nimeiandika kwa kalamu ili ifike kama ilivyo. Mkiipitisha kwenye skana, chungeni namba.

Wenu katika shamba la Bwana,

Mwinjilisti

Nakala: Wale watatu, popote walipo.