Kikopo cha Kukumbia Maji

Alhamisi

Shemeji amefika saa mbili usiku kwa basi la Dar, lile linalopita Dodoma na Kondoa. Ametoka Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, na ni mara yake ya kwanza kuja Babati tangu nimwoe dada yake. Alikuja na ndoana zake mwenyewe kwenye kitambaa chekundu, akazisahau chini ya kiti. Tulipokumbuka, basi lilikuwa limeshaondoka kuelekea Arusha. Wakati wa chakula hakusema neno.

Ijumaa

Nimenunua mshipi na ndoana kumi sokoni. Jioni tulichimba minyoo migombani, nyuma ya jiko, tukajaza kopo la maziwa. Niliacha kopo wazi minyoo ipate hewa. Kuku waliimaliza kabla ya magharibi. Tumechimba tena kwa tochi, na safari hii kopo limelala ndani, chini ya meza.

Jumamosi

Tulifika ziwani kabla jua halijachomoza nyuma ya Mlima Kwaraa. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Julai baridi yake humshtua mtu wa pwani. Shemeji alijifunga kanga ya dada yake mabegani. Babu anayetuongoza alikagua mishipi yetu, akatoa masharti: hakuna kokoro, hakuna kelele, na anayeambiwa akae, akae. "Sawa, babu," tukajibu. Nilipokuwa napanda, kiatu changu cha kushoto kikabaki topeni. Tulipapasa kwa mikono, kisha kwa upondo. Hakikupatikana.

Mtumbwi una ufa karibu na tezi. Nikapewa kikopo cha kukumbia maji.

Tuliingia katikati ya matete na mafunjo kwa njia nyembamba, majani yakitugusa pande zote mbili. Babu alisema njia hizo hakuna mtu aliyezikata. Viboko ndio huzifungua, wakienda malishoni usiku na kurudi alfajiri, na wavuvi huwafuata nyuma. Shemeji aliyatazama mashina ya matete pale yanapoingia majini, akasema kwao kazi ya kuficha samaki hufanywa na mizizi ya mkoko na mchu. Delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 50,000 za mikoko, na humo kamba na samaki wachanga hujificha mpaka wapate nguvu za kwenda baharini. Mvuvi wa kule hupanga siku yake kwa kupwa na kujaa. Hapa, mbele kidogo, tulikuta viboko wanne wameziba njia, mmoja na mtoto wake. Babu aligonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, polepole, wajue tupo, akaturudisha ndani ya matete. Tulisubiri saa nzima na robo. Mshipi wangu ulinasa kwenye funjo, nikapoteza ndoana mbili.

Saa tatu hivi Shemeji alivuta perege jike, mpana kuliko kiganja chake. Alipomshika, samaki akatema watoto wake, wembamba kama punje za mchele, wakamwagika kwenye maji yaliyojaa chini ya mtumbwi. Perege jike huatamia mayai mdomoni, na watoto wakishaanguliwa hurudi humo wanapoona hatari. Mimi nilikuwa nakumba. Babu alinishika mkono. "Usiwarushe, mwanangu. Wateremshe pale atakapokuwa mama yao." Shemeji alimshikilia yule perege ndani ya maji ubavuni mwa mtumbwi, nami nikapiga magoti nikiwachota kidogo kidogo. Minandi wawili walikuwa wameshatua karibu. Kazi ilituchukua zaidi ya nusu saa, maji yakatufika vifundoni, na simu yangu ilikuwa mfukoni. Babu hakuondoa macho kwenye kikopo mpaka mtoto wa mwisho alipotoka. Sijawahi kuona mtu mzima akihesabu vitu vidogo hivyo kwa makini namna ile, na nilimpenda kwa hilo.

Tumerudi na perege watatu na kambare mmoja. Kambare aliruka kutoka ndooni njiani, karibu na stendi. Tulimkuta mtaroni angali mzima, kwa kuwa ana kiungo cha kuvutia hewa.

Jumapili

Simu imelala kwenye mchele. Haiwaki.

Tulirudi ziwani kutafuta kiatu. Hatukukiona, lakini Shemeji alihesabu hatua kutoka majini hadi tuta la kwanza la mchicha: kumi na tisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imetenga mita 60 kutoka ukingoni. Kwao Shemeji ni tofauti: mikoko yote nchini ni msitu wa hifadhi, na mtu akikata mkoko anajua amekata nini. Tete likikatwa, watu huona ni majani tu. Mwenye tuta namwelewa, ana watoto wa kulisha. Ila wale niliowachota jana walitoka humo humo kwenye matete.

Jumatatu

Shemeji ameondoka alfajiri, na kanga ameondoka nayo. Saa nane mchana konda ameleta ndoana zake, kitambaa kimefungwa vilevile.

Jioni, nikikung'uta mfuko wangu, nimekuta kikopo cha babu. Giza lilikuwa limeingia, na saa hizo viboko wako nchi kavu wanakula. Sikwenda.

Jumanne

Nimekipeleka asubuhi. Babu alikuwa ameshatoka. Nilimsubiri ufukweni hadi saa nne, akarudi akikumba kwa sufuria ya uji. Nilianza kumwomba radhi. Mtumbwi ulikuwa umejaa karibu nusu, samaki wanaelea ndani, na sasa mikono yake miwili ilikuwa kwenye upondo. Nikavua viatu, nikaingia, nikakumba.