Salamu za Mbuzi

Binti yangu akiniandikia "Shikamoo baba" peke yake, nakaa kwa amani. Hiyo ni salamu tu, au ikizidi sana ni vocha. Akiongeza "mama hajambo?" najua tumeshafika elfu ishirini. Akimfikia bibi yake, elfu hamsini. Siku aliyomuulizia mbuzi, "na yule mbuzi aliyeumia mguu anaendeleaje?", nilivua miwani, nikakaa kwenye kigoda, nikamwita mke wangu aje tusome wote. Ilikuwa kodi ya chumba.

Mbuzi mwenyewe tulimuuza wiki hiyohiyo, akaenda na mguu wake, ili tupate kodi hiyo. Sikumwambia. Nilimjibu kwamba anaendelea vizuri na anamsalimia.

Mimi nilifundisha hesabu sekondari kwa miaka 31 hapa Lushoto, nikastaafu nikiamini hakuna hesabu ya kunitoa jasho. Nilikuwa sijakutana na bumu. Kwa ambaye hajasomesha, bumu ndilo jina ambalo wanachuo wamezipa fedha za kujikimu zinazotoka Bodi ya Mikopo. Zamani zilihesabiwa shilingi 8,500 kwa siku, zikapandishwa kuwa 10,000. Kwa siku 60 hiyo ni laki sita kamili. Siku bumu la kwanza "liliposoma", kama wasemavyo wao, nilimwambia mke wangu kwa sauti ya ualimu: "Laki sita! Mtoto huyu ndiye atakayekuwa anatutumia sisi."

Mke wangu, ambaye hesabu zake amejifunzia kwenye vikoba, aliniuliza swali moja tu: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mingapi?

Miezi sita. Chuoni alikosa kitanda, akapata chumba cha kushirikiana na mwenzake huko Changanyikeni, Dar es Salaam, na fungu lake ni 80,000 kwa mwezi. Zidisha kwa sita, toa kwenye laki sita, zinabaki 120,000. Gawanya kwa siku 60. Shilingi 2,000. Nilirudia hesabu hiyo mara mbili, mara ya pili kwa kalamu nyekundu, nikitafuta pa kujikosoa.

Kaka yangu mkubwa alisoma chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 80. Serikali ililipa ada, ikampa kitanda, ikamlisha, na likizo alirudi kijijini ana mashavu. Mchango wa marehemu baba yetu katika elimu ile ya juu ulikuwa kumsindikiza stendi. Miaka ya 90 ikaja sera ya kuchangia gharama, mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi, na mimi Mungu akanipangia kupata mtoto wa kusomesha baada ya hayo yote. Kaka hadi leo akija kunitembelea hunishauri kwamba watoto wa siku hizi wanadekezwa. Namkaribisha chai.

Basi nikawa nachangia. Mwanzoni nilichangia kwa mazao, maana mkulima hukimbilia alichonacho. Nikamfungia debe la viazi na kabichi mbili, nikampa konda wa basi la alfajiri na elfu tano yake, nikampigia binti: "Mama, mzigo unakuja, upokee Ubungo saa tisa." Akaenda Ubungo. Mabasi ya mikoani yalishahamia Mbezi Luis tangu 2021. Kila mtu alikuwa anajua isipokuwa mimi, na binti, aliyemwamini baba yake mwalimu. Kutoka Ubungo akapanda daladala hadi Mbezi, na kutoka Mbezi akapanda bodaboda ya elfu saba akiwa amekumbatia debe. Viazi vya elfu kumi vikawa vimesafirishwa kwa zaidi ya elfu kumi na mbili.

Kisha ikaonekana kwamba hana mkaa, na gesi imeisha. Akamuuzia mama ntilie wa jirani debe zima kwa elfu sita. Mama ntilie akakaanga chipsi. Binti akanunua sahani kwa elfu mbili, akanipigia simu kunishukuru. Alisema viazi vya Lushoto vina utamu wake.

Lugha nayo ilinipa tabu. Jioni moja nilimuuliza anaendeleaje na chakula, akacheka, akasema, "Baba, muhula huu tunapiga sana pasi ndefu." Nilifurahi. Nilikwenda kahawani nikawatangazia wenzangu kwamba binti amejiunga na timu ya mpira ya chuo, namba sijui, ila nadhani ni kiungo. Kijana mmoja muuza kashata ndiye aliyenionea huruma akanivuta pembeni. Pasi ndefu, mzee, ni kunywa chai asubuhi ukaupiga mpira juu, ukavuka saa saba yote, ukatua kwenye chakula cha usiku. Nilimaliza kahawa yangu bila kashata.

Lakini aibu yenyewe ni ya ujumbe.

Kila mwenye simu nchi hii amewahi kupokea ule ujumbe wa matapeli: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Unaletewa na mtu usiyemjua, kuhusu hela usiyoahidi. Mimi nilikuwa na kiapo kwamba atakayeniletea atanitambua. Jumanne moja, saa tano usiku, ukaingia ujumbe kutoka namba ngeni: "Baba ile hela tuma kwenye namba hii, simu yangu imezima." Nikawasha taa. Nikaandika taratibu, na vituo vyote mahali pake: "Wewe ni mwizi. Huna haya wala adabu. Ningependa kumjua huyo baba aliyekulea, nimuulize alikuwa wapi."

Ukapita muda. Ukaja jibu: "Baba, ulikuwa Lushoto."

Ilikuwa simu ya mwenzake wa chumbani, ambaye naye alisoma ujumbe wangu wote na, nasikia, akausoma kwa sauti kwa wenzao wa vyumba vingine. Niliomba radhi kadiri baba anavyoweza kumwomba radhi mwanawe, yaani nilituma elfu kumi zaidi.

Sasa angalia shetani anavyofanya kazi. Wiki mbili baadaye ukaingia ujumbe mwingine, namba nyingine ngeni, maneno yaleyale. Safari hii nilikuwa mtu mpole, niliyefundishwa na dunia. Sikuuliza, nisije nikamuumiza tena mtoto wa watu. Nikatuma 70,000 palepale. Jina lililokuja lilikuwa la mwanamume. Nikasema moyoni, wenzake wa chuo ni wengi. Asubuhi nikampigia binti nijue kama zimefika. Zipi? Nikapiga huduma kwa wateja, dada mwenye sauti nzuri akaniambia muamala ulishatolewa usiku uleule. Sikulala siku mbili, na kilichoniuma kuliko zile 70,000 ni kwamba yule mwizi nilimwekea na ya kutolea.

Mke wangu hakusema neno. Alikwenda kwenye kabati akatoa zake za vikoba, akamtumia mtoto. Hapo ndipo nilipogundua kwamba amekuwa akituma muda wote, na kwamba mjomba wa Tanga naye anatuma, na kwamba kuna kitabu kimoja cha takwimu tulikilipia sote watatu, kila mmoja kwa siri, akiwaficha wenzake ili wasijue kwamba hali ni ngumu. Nilitaka kukasirika. Nikakumbuka habari za mguu wa mbuzi.

Mwezi Juni nikaamua kwenda Dar es Salaam mwenyewe. Nilibeba daftari la mistari mikubwa. Mpango wangu ulikuwa wa kitaalamu: nimwonyeshe binti kwamba 10,000 kwa siku, zikipangwa na mtu aliyesoma hesabu, zinatosha na chenji inarudi. Asubuhi nikamkabidhi pochi yangu, nikabaki na noti moja mfukoni. "Leo," nikamwambia, "mwanafunzi ni mimi." Akanipa ripoti yake ya fildi kwenye flashi, kurasa 35, nikaipige chapa Mwenge kwa kuwa ndiko nilikokuwa naelekea, akaenda darasani akiwa ameziba mdomo kwa kitabu.

Chai na chapati mbili, 1,500. Zikabaki 8,500. Yaani kabla ya saa mbili asubuhi nilikuwa nimesharudi kwenye viwango vya zamani vya Bodi.

Daladala, 600. Ilikuwa daladala nzuri sana ila haikuwa inakwenda Mwenge. Kurudi, 600 nyingine. Jua likawa kali, nikachukua bodaboda nifidie muda, akataka elfu tatu, nikamweleza kuhusu mpango wangu, akapunguza hadi mbili. Zikabaki 5,300. Kwenye duka la steshenari kurasa 35 kwa shilingi 100 kila moja, 3,500; hesabu hiyo niliifanya kichwani, sifa zangu bado ninazo. Zikabaki 1,800. Saa saba na nusu nikamwomba mama ntilie wali maharage wa 1,500 na akanikaribisha vizuri. Maji ya kunywa yalikuwa 500. Nikameza mate, nikayaacha.

Nilisimama pale Mwenge na shilingi 300, ripoti ya kurasa 35 kwapani, na daftari ambalo ukurasa wa chakula cha usiku ulikuwa mweupe. Makonda waliniita "mzee, twende". Niliwaangalia kama ninayesubiri mtu. Nikaangalia simu: salio la pesa lilikuwa sifuri, maana la mwisho nilimtumia yeye Ijumaa.

Nikatafuta kivuli, nikaanza kuandika. Haikuwa rahisi. Baba hawezi kumwamkia mwanawe shikamoo, hivyo nilikosa pa kuanzia. Mwishowe nikaandika: "Hujambo mama. Darasa limekwendaje? Na yule mwenzako wa chumbani hajambo? Mwenye nyumba je? Na yule paka wake, naona jana alikuwa anakohoa, anaendeleaje?"

Jibu lilikuja kabla sijarudisha simu mfukoni.

"Shikamoo baba. Shilingi ngapi?"

Nikaandika 2,000. Nikafikiri kidogo, nikaongeza: na ya kutolea.