Nimejibiwa Kabla Sijauliza

Juzi umeme ulikatika mtaani kwetu tangu saa nane mchana. Uliporudi usiku nikafungua chumba chetu cha soga cha IRC, mtambo uliozaliwa Finland mwaka 1988. Nimekodi kidude kwenye seva, kinanitunzia ujumbe nisipokuwepo. Nikakuta wenzangu wamegombana, wamepatana na wameagana, yote saa 20:03. Hata msibani hawasemi wote kwa pamoja hivyo!

Mpwa wangu, fundi wa mambo hayo, akacheka. "Mjomba, ujumbe wa IRC haubebi saa. Programu yako ndiyo inaupiga muhuri unapofika." Kumbe mimi karani wa masjala: barua ya Jumatatu naigonga muhuri wa Ijumaa.

Dawa ipo, akasema: nyongeza ya itifaki, seva ibandike saa yenyewe. Ila programu lazima ipeleke posa kwanza, seva ikubali. Mzee mmoja wa chumbani kwetu hataki kuisikia. Kwake kila nyongeza ni uzushi.

Namwelewa. Saa zimeshavunja nyumba. Mwaka 1996 wenye seva za mtandao wa IRC uitwao EFnet walikosana, wengi wa Ulaya wakajitenga na kuanzisha IRCnet. Ugomvi mmoja ulikuwa huu: seva zikitengana kisha zikaungana, watu wawili wakakutwa na jina moja, nani aachiwe? Kambi moja ikasema tutazame saa, aliyetangulia ndiye mwenyewe. Nyingine ikasema hapana, jina lililoachwa lifungiwe kwanza kwa muda. Wa saa walikuwa na shida yao: seva ambayo saa yake imerudi nyuma inageuka mkubwa wa wote, kama yule ndugu yetu anayejiongezea umri apate kiti cha mbele.

Basi nikapeleka posa, ikapokelewa. Saa zikaja kweli, lakini za UTC, nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu, na programu yangu kuukuu haikuzigeuza. Ujumbe wangu tu ndio iliendelea kuugonga kwa saa ya hapa nyumbani. Nikamuuliza yule mzee swali saa 20:15. Jibu lake likasomeka 17:16.

Mke wangu akachungulia begani.

"Baba Asha, unashangaa nini? Ndivyo unavyonijibu mimi kila siku."