Mapaa ya Nairobi Enzi za Kafyu: Orodha ya Kugombaniwa

Kuanzia tarehe 27 Machi 2020, kafyu ya korona ilipoanza, ikifika saa moja jioni barabara za Kenya zilikuwa za polisi na paka. Sisi wa ghorofani tukapanda ngazi. Pipeline, Umoja, Zimmerman: kila paa likageuka mtaa. Hivi hapa vitu sita vilivyotamba huko juu, kutoka cha mkia hadi bingwa. Hukubaliani? Hasira zako ziweke akiba hadi namba moja.

6. Mbio za kuzunguka tangi
Kila ploti ilikuwa na Kipchoge wake, akikata kona kati ya tangi jeusi na madishi ya televisheni. Jumatatu walikimbia wanane. Ijumaa akabaki mmoja, naye alikuwa akitafuta netiweki.
*Uamuzi:* jasho la bure.

5. Sukuma wiki ya guniani
Udongo ulipandishwa kwa ndoo hadi ghorofa ya saba, bila lifti, ili kukwepa bei ya kibandani. Mavuno yalitosha sahani moja. Sahani ya jirani.
*Uamuzi:* mkulima hodari, mlinzi hovyo.

4. Jerusalema
Wimbo wa Master KG wa Afrika Kusini uliwapandisha juu hata wasiojua mguu wa kulia ni upi. Waliokaa ghorofa ya mwisho hawakuhitaji redio. Walipokea vishindo moja kwa moja.
*Uamuzi:* wachezaji kumi, mitindo kumi.

3. Mlima Kenya
Magari yalipungua, hewa ikatakata, na picha ya mlima ukionekana kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 100, ikasambaa. Wakenya wakaanza kupeleleza kama imechezewa kwenye kompyuta.
*Uamuzi:* nchi nzima imeazima jina lake, bado ukadaiwa kitambulisho.

2. Mwezi wa Idd
Mei 2020, Ramadhani ikiwa katikati, Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kutazama mwezi ikawa safari pekee isiyotaka kibali. Mlima ulihitaji kamera. Mwezi ulihitaji shingo tu. Na hakukosekana ami mmoja aliyeuona kabla haujaandama.
*Uamuzi:* medali ya fedha, kwa heshima zote.

1. Beseni la nguo
Keteka, msimamizi wa ploti, alipofunga paa kuzuia mikusanyiko, ufunguo ukawa wa wenye nguo za kuanika tu. Madaktari walitembea na barua za kazi. Sisi tulitembea na mabeseni. Ghafla ploti nzima ikapenda usafi! Iko soksi iliyofuliwa asubuhi, adhuhuri na jioni mpaka ikabaki mpira wa juu. Ya pili yake? Hiyo ilikuwa na zamu ya kesho.
*Uamuzi:* bingwa asiye na mpinzani.

Mnaompigia debe jogoo wa keteka, njooni na hoja. Mje pia na vibanio vyangu.